Nimetumia ChatGPT kwenye tasnifu yangu. Niitaje wapi?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, mwaka wa pili. Tasnifu yangu inahusu wanawake wanaouza samaki soko la Feri, Dar es Salaam, na namna VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinavyowasaidia kukwepa mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza. Zimebaki wiki tatu niwasilishe. Nilitumia ChatGPT kwa mambo matatu: kunyoosha Kiingereza changu, kunitafutia maandiko ya Sura ya Pili, na kutafsiri mahojiano kutoka Kiswahili. Sasa msimamizi wangu ametutangazia kwamba aliyetumia akili unde (AI) aoneshe alipoitumia, basi, hakufafanua zaidi. Rafiki mmoja ananiambia niweke jina la OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, kwenye mabano kila nilipochukua kitu, na mimi nimeshaanza kufanya hivyo. Mwingine anasema ukishaandika upya kwa maneno yako huhitaji kutaja chochote. Wa tatu anasema nikae kimya, niipitishe kazi kwenye programu ya kuondoa harufu ya AI ndipo niipeleke, maana nikisema tu nimejichongea, naweza hata kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Nilimpa jamaa wa steshenari anipimie kwa Turnitin, programu ya kukagua kunakili, ikaja asilimia 34. Tangu siku hiyo silali. Nimeambatisha kurasa mbili za Sura ya Pili na moja ya Sura ya Nne. Niitaje wapi, na vipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa usingizi uliokupotea. Nimesoma swali lako mara mbili, nikasoma na kurasa zako, na hofu moja naweza kukutoa mapema: msimamizi wako hajasema walioitumia wamefanya kosa. Amesema waoneshe. Hiyo ni nafasi amekupa, itumie. Lakini kwenye barua yako kuna jambo ambalo hukuliuliza, na mimi limenisumbua kuliko yote uliyouliza. Nitalifikia, usiache kusoma kabla yake.

Rafiki zako wote watatu wamechanganya vitu viwili. Unapoweka rejea kwenye sentensi, unajibu swali la msomaji anayekuuliza: haya umeyatoa kwa nani? Unapoandika tamko kwamba ulitumia chombo fulani, unajibu swali jingine kabisa: kazi hii uliifanyaje? Rejea inaonesha ujuzi ulikotoka. Tamko linaonesha mikono iliyoigusa kazi. Mtu aliyekusaidia kuchapa, aliyekuhariria Kiingereza, aliyekutafsiria mahojiano, hawa hatujawahi kuwaweka kwenye orodha ya marejeo, ila tumekuwa tukiwataja kwenye shukurani au kwenye sura ya mbinu za utafiti. ChatGPT, kwa sehemu kubwa ya matumizi uliyonitajia, inakaa upande huo wa pili.

Kama ulipitia madrasa, au umekaa na waliopitia, unaijua isnadi. Hadithi haipokewi kwa uzuri wa maneno yake; huulizwa fulani kaipokea kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, na mnyororo ukikatika hadithi inashuka daraja. Marejeo ya kitaaluma yanafanya kazi hiyo hiyo. Akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, imelishwa maandishi ya watu wasiohesabika, lakini inapokujibu haikumbuki sentensi hii iliipata kwa nani. Mnyororo unakatikia kwake. Ukiiweka mahali pa shahidi, msomaji hana pa kwenda kuhakikisha.

Tazama ukurasa wako wa kwanza wa Sura ya Pili. Umeandika kwamba vikundi vya kuweka na kukopeshana vya aina hii vilianzia Niger mwaka 1991, katika mradi wa shirika la CARE ulioitwa Mata Masu Dubara. Ni kweli. Ila mwisho wa sentensi umeweka mabano ya OpenAI, na OpenAI hawakuwa Niger mwaka 1991. CARE walikuwepo, na CARE wameandika mengi kuhusu mradi huo. Chombo kimekuonesha njia tu, kama mpita njia anayekuambia nyumba ya fulani iko mtaa wa pili. Nenda mpaka mtaa wa pili, ubishe hodi, uzungumze na mwenye nyumba, halafu umtaje mwenye nyumba. Ndivyo utakavyofanya kwa kila jambo la hakika uliloambiwa na ChatGPT: mwaka, takwimu, nadharia, kauli ya mwanazuoni. Usipoipata sentensi hiyo kwa mtu anayeweza kuulizwa, itoe.

Hapo ndipo anapokosea rafiki yako wa pili pia. Kuandika upya kwa maneno yako hakufuti deni la wazo. Ukichukua hoja ya mtu ukaibadilisha maneno yote, bado hoja ni ya mtu, na sheria hiyo ilikuwepo kabla ya kompyuta. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaweza kupewa hoja ya mtu bila kuambiwa ni ya nani.

Sasa yale marejeo manne uliyosema ilikutafutia. Nimeyafuatilia moja moja, kazi ya karibu saa nzima. La kwanza ni sahihi, makala ipo. La pili lipo, lakini mwaka si ule na mwandishi mwenza ameachwa. La tatu linapendeza kwa macho: jarida lipo, juzuu lipo, ila kurasa ulizozitaja ziko katikati ya makala ya mtu mwingine inayozungumzia mambo mengine kabisa, na hiyo makala yako haipo popote. La nne lina namba ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, nikaibandika kwenye doi.org, ikanifikisha kwenye makala ya udongo wa mashamba ya mpunga. Huyo mwandishi wa nne, kwa kadiri ya kila katalogi niliyofungua, hajawahi kuandika kitu hicho.

Usijilaumu kupita kiasi, ila elewa kwa nini inatokea, kwa sababu ukishaelewa hutarudia. Modeli ya lugha, kama hiyo ChatGPT, haina kabati la makala inalolifungua ukiiuliza. Ilisoma maandishi mengi mno ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani, na inapojibu inatabiri kipande baada ya kipande. Rejea ni aina ya maandishi yenye umbo kali kupita mengine: jina la ukoo, herufi ya kwanza, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Umbo hilo inalijua vizuri sana. Basi ukiomba maandiko kuhusu mikopo midogo na wanawake wa Tanzania, inajaza umbo: jina la ukoo la watu wa huku, mwaka wa karibuni, kichwa chenye maneno yako mwenyewe uliyoyaandika, jarida la maendeleo. Kila kipande kinafanana na ukweli, na ndiyo maana jicho lililochoka linapita. Mwaka 2023 watafiti wawili, Walters na Wilder, walichapisha katika jarida la Scientific Reports matokeo ya kukagua marejeo yaliyotolewa na ChatGPT: kwa toleo la GPT-3.5, asilimia 55 yalikuwa ya kubuni; kwa GPT-4, asilimia 18. Matoleo ya sasa yanayopekua mtandao kabla ya kujibu yanafanya vizuri zaidi, kwa sababu yana ukurasa halisi mbele yao. Lakini hata hayo hukupa kiungo cha kweli kando ya madai ambayo ukurasa wenyewe hauyasemi. Kiungo kufunguka ni hatua ya kwanza tu. Lazima usome.

Na kamwe usikiulize chombo chenyewe kama rejea lake ni la kweli. Kuna mawakili wa New York waliowasilisha mahakamani mashauri sita ambayo hayakuwahi kuwepo, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Mmoja wao alikuwa ameiuliza ChatGPT kama shauri mojawapo ni la kweli, ikamjibu ndiyo. Tarehe 22 Juni 2023 jaji aliwatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Jibu la "ndiyo" lilitoka kwenye mashine ile ile iliyobuni, kwa njia ile ile ya kutabiri neno linalofuata.

Kuhakikisha hakuhitaji utaalamu. Namba ya DOI ibandike kwenye doi.org uone inakupeleka wapi. Kama hakuna DOI, chukua kichwa kizima cha makala, kizungushie alama za nukuu, kitafute Google Scholar. Kisha fungua tovuti ya jarida, nenda kwenye juzuu na toleo lililotajwa, utazame yaliyomo. Kwa kitabu, tafuta katalogi ya maktaba. Ukikwama kwa sababu makala inauzwa, usilipe kwanza, njoo kwa mkutubi wa chuo chako. Vyuo vyetu vingi vina usajili wa majarida ambao wanafunzi hawaujui, na sisi wakutubi huwa tunaona huruma kumkuta mtu amelipia kitu ambacho kipo bure ghorofa ya pili.

Je, kuna wakati ChatGPT inaingia kweli kwenye orodha ya marejeo? Upo: pale maneno yake yenyewe ndiyo ushahidi wako. Mwanafunzi anayetafiti jinsi akili unde inavyoeleza historia ya Vita vya Maji Maji lazima anukuu majibu yake, na lazima ayataje. Hata wewe, ukiamua kuonesha kwenye Sura ya Nne jinsi ilivyotafsiri neno fulani kimakosa, utainukuu. Mitindo mitatu mikubwa ya kuandika marejeo, APA, MLA na Chicago, ilitoa mwongozo wake mwaka 2023, na haifanani. APA, ambayo nadhani ndiyo idara yako inaitumia kwa jinsi ulivyopanga mabano, inaichukulia kama programu ya kompyuta. Mahali pa mwandishi inakaa kampuni iliyoiunda, kwa mfano huu:

OpenAI. (2025). ChatGPT (toleo la tarehe uliyotumia) [Modeli kubwa ya lugha]. Kisha anwani ya mtandao.

Tasnifu yako ni ya Kiingereza, kwa hiyo maneno ya maelezo utayaandika kwa Kiingereza. Siku hizi mazungumzo yanaweza kutengenezewa kiungo chake mahususi. Ukiwa nacho, kitumie badala ya anwani ya jumla, maana ndicho kinachomwezesha msomaji kuona ulichokiona wewe. MLA haiweki mwandishi kabisa: inaanza na maelezo ya swali ulilouliza, kisha jina la chombo, toleo, kampuni, tarehe na anwani. Chicago inalichukulia jibu kama barua binafsi, linatajwa kwenye tanbihi na kwa kawaida haliingii kwenye bibliografia kama halina kiungo ambacho wengine wanaweza kukifungua. Katika mitindo hiyo yote, nakushauri uweke kwenye kiambatisho swali lako lote na jibu lote, kwa sababu ukiuliza kesho swali lile lile utapewa jibu tofauti. Kitabu cha maktaba kinakungoja kama kilivyo. Jibu la ChatGPT linapotea.

Usije ukadhani kuwa OpenAI kukaa mahali pa mwandishi katika APA kunaifanya ChatGPT kuwa mwandishi mwenza wako. Januari 2023 jarida la Nature lilitangaza kwamba halitakubali chombo cha aina hii kiorodheshwe kama mwandishi, na Februari mwaka huo kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ikasema hivyo hivyo. Sababu yao ni nyepesi kuielewa: mwandishi ni mtu anayebeba lawama. Mashine haiwezi kuitwa kwenye kikao ikajieleza.

Kuhusu kunyoosha Kiingereza. Hapa mimi ni mpole kuliko baadhi ya wenzangu. Mtu aliyekulia Kiswahili, akasoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, leo anatakiwa aandike kurasa mia kwa lugha ya tatu au ya nne. Kusaidiwa vitenzi na viambishi sioni kuwa ni aibu. Ila pana mpaka, na kwenye kurasa zako umeuvuka sehemu moja. Aya ya tatu ya Sura ya Pili ina hoja kwamba kufahamiana kwa wanakikundi kunapunguza gharama za kufuatilia madeni kwa sababu kila mmoja ni mlinzi wa mwenzake. Ni hoja nzuri, na ina wenyewe waliobobea kwayo. Lakini haina rejea, na lugha yake haifanani na aya ya pili wala ya nne. Nakuuliza kama dada yako: hiyo aya uliipeleka ikiwa na hoja hiyo, au ilirudi nayo? Kama ilirudi nayo, huko hakukuwa kunyoosha.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki. Funika skrini. Mweleze mtu wa nyumbani, kwa Kiswahili, aya hiyo inasema nini na kwa nini unaiamini. Ukiweza, lugha ibaki ilivyonyooshwa. Usipoweza, ifute, nenda ukasome hoja hiyo kwa mwenyewe, urudi uiandike hata kama Kiingereza chake kitachechemea. Siku ya utetezi utasimama peke yako mbele ya jopo, na swali la kwanza litaulizwa hapo hapo.

Turnitin sasa. Hiyo asilimia 34 ni ya nini? Turnitin ina taarifa mbili zinazojitegemea. Moja inapima mfanano, yaani maneno yako yanafanana kiasi gani na maandishi yaliyomo kwenye hazina yake. Hiyo huokota hata orodha ya marejeo, nukuu zilizofungwa vizuri, na maneno ya ikirari, yaani tamko kwamba kazi ni yako, ambayo kila mwanafunzi wa chuo chenu anayaandika vilevile. Nyingine, iliyoanza Aprili 2023, inakisia sehemu gani imeandikwa na akili unde. Soma jina la taarifa uliyopewa kabla hujakosa usingizi tena. Ninavyozijua karatasi za steshenari, mara nyingi ni ile ya mfanano, na asilimia 34 ya mfanano inaweza kushuka sana ukiondoa marejeo na nukuu.

Ila hapo steshenari kuna hatari nyingine. Mwulize huyo jamaa kama alipopandisha kazi yako aliiacha ihifadhiwe kwenye hazina. Kama ilihifadhiwa, siku utakapowasilisha rasmi kazi yako itafanana na yenyewe karibu yote, na utaonekana umenakili tasnifu ya mtu. Nimeona binti akilia mbele ya meza yangu kwa jambo hili hili. Lilitatuliwa, kwa sababu alimweleza msimamizi mapema na karatasi ya tarehe alikuwa nayo.

Vipimo vya kukisia akili unde ninavichukua kama uvumi unaohitaji kuchunguzwa. OpenAI wenyewe walitoa kipimo chao Januari 2023, kikawa kinatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai mwaka huo wakakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani kilizima kipimo cha Turnitin Agosti 2023. Turnitin yenyewe haioneshi namba ikiwa makisio yako chini ya asilimia 20, inaweka nyota, kwa kuwa huko chini makosa huzidi. Na jambo linalotugusa sisi: watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani asilimia 61.3 ziliitwa kazi za mashine. Turnitin haikuwa mojawapo ya vipimo hivyo saba, kwa hiyo usiitumie hoja hiyo dhidi yake moja kwa moja. Lakini sababu waliyoieleza inafaa uijue: vipimo hivyo hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida na miundo aliyofundishwa shule. Anatabirika kwa sababu yuko makini.

Kwa hiyo kinga yako haiko kwenye kuikwepa namba. Iko kwenye ushahidi wa jinsi kazi ilivyokua: rasimu zako zenye tarehe, historia ya mabadiliko kama uliandikia Google Docs, daftari la sokoni lenye harufu ya samaki, mazungumzo yako na ChatGPT uliyoyahifadhi. Programu ya kuondoa harufu inaharibu ushahidi huo. Inabadilisha maneno kwa visawe bila kujua istilahi, na ukikamatwa hutakuwa tena mtu aliyesahau kutaja chombo. Utakuwa mtu aliyeficha. Kamati za nidhamu zinatofautisha hayo mawili vizuri sana.

Nimefika kwenye lile lililonisumbua. Ukurasa wako wa Sura ya Nne una mahojiano ya mama mmoja wa Feri, na pembeni umeacha maandishi uliyoyapeleka kwenye ChatGPT ili yatafsiriwe. Yana jina lake kamili, jina la kikundi chake, kiasi anachodaiwa, na jina la anayemdai. Mama huyu alitia saini fomu ya ridhaa iliyomwahidi kwamba maelezo yake yatabaki siri kati yenu. Umeyapeleka kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Sikusemi ili nikutishe. Nakusema kwa sababu yeye hayupo hapa kujisemea, na anayemdai anaishi mtaa mmoja naye.

Leo hii futa mazungumzo yote yenye taarifa za waliohojiwa; yale mengine yabaki kama ushahidi wako. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako uzime ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kufundishia modeli. Kisha mweleze msimamizi ulichofanya, kwa mdomo na kwa maandishi, kwa sababu maadili ya utafiti yako yaliidhinishwa kwa jina la chuo. Yaliyobaki, kama utaendelea kutumia chombo, badilisha majina na viasi kabla hujabandika neno lolote.

Halafu tafsiri yenyewe. Mama anasema: "Nilikuwa na mchezo, kijumbe akaingia mitini, ikabidi niende kausha damu." Imetafsiriwa kana kwamba alikuwa akicheza, mjumbe mdogo akakimbilia msituni, naye akaenda kutibiwa ugonjwa wa damu. Pesa yote imetoka kwenye sentensi. Hakuna mchezo wa kupeana zamu, hakuna mshika fedha aliyetoroka nazo, hakuna mkopo wa riba ya kuua. Na hii ndiyo sentensi inayobeba tasnifu yako nzima! Mtahini asiyejua Kiswahili ataisoma asielewe. Anayejua ataiona na kujiuliza kama ulisikiliza rekodi. Rudi kwenye sauti, dondoo kwa dondoo, utafsiri mwenyewe. Maneno kama kijumbe na kausha damu yaache kwa Kiswahili, uyafafanue kwenye tanbihi.

Ukishamaliza hayo, tamko lako litakuwa fupi na halitakuogopesha. Ningeliweka kwenye Sura ya Tatu, penye mbinu, au ukurasa unaofuata ikirari kama idara inapendelea huko. Kwa mfano:

"Katika kuandaa tasnifu hii nilitumia ChatGPT (OpenAI) kusahihisha sarufi ya Kiingereza katika Sura ya Kwanza na ya Pili, na kupata rasimu ya kwanza ya tafsiri ya baadhi ya dondoo za mahojiano. Tafsiri zote nimezilinganisha na rekodi za sauti na kuziandika upya. Niliitumia pia kutafuta maandiko. Kila rejea lililobaki nimelipata na kulisoma mwenyewe. Makosa yaliyosalia ni yangu."

Usiandike sentensi yoyote ya tamko hilo kabla haijawa kweli. Na sitakuficha: kusema wazi kunaweza kukugharimu. Wapo watahini watakaosoma tamko kisha waanze kuitafuta mashine kila ukurasa. Zipo idara zilizokataza matumizi yoyote ya akili unde, na huko tamko halihalalishi kilichokatazwa. Soma mwongozo wa masomo ya uzamili wa chuo chako wiki hii. Ukikuta umekataza, usiandike chochote bado. Nenda kwa msimamizi ana kwa ana, umwambie ulifanya nini kabla ya kuwasilisha. Kabla ya kuwasilisha hilo ni suala la kurekebisha rasimu. Baada ya kuwasilisha linageuka kesi.

Barua kama hii haitoshi kwa baadhi ya mambo. Kuhusu taarifa za mama wa Feri, mamlaka ni ya msimamizi na kamati ya maadili, wala si yangu. Ukipata wito wa kamati ya nidhamu, usiende peke yako wala usijibu kwa simu: muone mshauri wa wanafunzi, umtafute mwakilishi wa serikali ya wanafunzi, uombe kuona taarifa yote iliyotumika dhidi yako badala ya namba tupu. Na kama usingizi haujarudi hata baada ya kurekebisha, mueleze mtu wa ushauri nasaha hapo chuoni, kwa kuwa wiki tatu bila kulala zitaiharibu tasnifu kuliko ChatGPT.

Kwa msimamizi omba nusu saa wiki hii. Nenda na orodha ya marejeo ambayo umeshaikagua, na yale mawili yasiyokuwepo yakiwa yamekatwa kwa kalamu ili ayaone. Beba pia rasimu ya tamko, fomu ya ridhaa ya mahojiano, na ile karatasi ya steshenari yenye asilimia 34.